Kila Shambulizi ni Kona: Kukaba kwenye Gemu ya Futiboli ya Kimarekani Ukiwa Mbeya

Kwenye chumba cha gemu ninachokwenda pale Mwanjelwa, ukiweka futiboli ya Kimarekani vijana wanaosubiri zamu wanaanza kuguna. Wao ni watu wa soka. Wanaona wanaume wamevaa kofia ngumu, wanakimbia sekunde tano, wanaangushana, wanajipanga upya, wanaangushana tena. "Kaka, huu mpira mbona kila saa ni kona?" dogo mmoja aliniuliza. Nilicheka. Usiku nikiwa nyumbani ndipo nikaona kwamba dogo yule amenieleza kwa sentensi moja jambo lililonihangaisha karibu msimu mzima.

Fikiria kona inapopigwa Uwanja wa Sokoine. Kabla mpigaji hajaugusa mpira, kipa ameshapiga kelele, mmoja amesimama mlingoti wa karibu, warefu wamepewa warefu wenzao, wengine wanalinda eneo tu bila kumjali mtu. Na karibu kila mara kuna mpinzani mmoja nje ya kumi na nane ambaye hajakabwa. Hajasahauliwa. Watu hawatoshi, na benchi limeamua kwamba shuti la kutoka kule lina nafuu kuliko kichwa cha mita tano. Mpira ukishapaa, kinachobaki ni kuruka, kusukumana na kumwomba Mungu. Kukaba kwenyewe kumeshafanyika.

Upande wa ulinzi, futiboli ya Kimarekani yote iko hivyo, mwanzo hadi mwisho. Anayeanza kucheza mtandaoni hudhani kukaba ni kuukimbilia mpira ulipo. Nami nilidhani hivyo, nikawa nachapwa tofauti ya pointi 40 na watoto ambao kwenye maiki unasikia kabisa sauti bado haijavunjika.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo machache yanatosha. Uwanja una yadi 100, yaani mita 91 na ushee, bila kuhesabu maeneo mawili ya kufungia yenye yadi 10 kila upande. Upana ni futi 160, karibu mita 49. Timu ni watu 11 kwa 11. Wenye mpira wanapewa majaribio manne, kila moja huitwa dauni, ili wasogee yadi 10; wakifika wanapewa manne mengine, wakishindwa mpira unahama. Kuuingiza mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza ni 1. Kuupiga teke kupita kati ya milingoti bila kufika huko ni pointi 3. Mwenye shughuli yote ni kwotabeki: anaupokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha anaamua aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe.

Gemu inayotawala ni Madden NFL ya kampuni ya EA, iliyopewa jina la John Madden, kocha aliyeipa Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl Januari 1977. Toleo la kwanza lilitoka 1988 kwa kompyuta za Apple II. Lilichelewa, na sababu moja ni kwamba kompyuta za wakati ule zilielemewa na wachezaji 22 kwenye kioo. Watengenezaji wakataka timu za watu sita au saba. Madden akagoma: pasipo 11 kila upande, huo kwake haukuwa mpira. Namshukuru mzee yule, maana hesabu yote inayofuata imejengwa juu ya hiyo 11.

Watu saba, milango tisa

Katika hao 11, kwa kawaida wanne wanatumwa mbele kumsumbua kwotabeki. Wanabaki saba. Hao saba walinde upana wa mita 49, na kwa kina walinde hadi pale mkono wa kwotabeki unapoweza kufikisha mpira, ambako yadi 50 si ajabu. Ni kama nyumba yenye milango tisa na walinzi saba. Hakuna mpangilio utakaokupa walinzi tisa. Mipangilio yote unayoiona kwenye kitabu cha gemu, na iko mamia, ni namna tofauti za kuamua milango miwili ipi ibaki wazi.

Majina ya mipangilio yenyewe yanakuambia. Kava 3 maana yake watu watatu wamekaa nyuma kabisa, kila mmoja na mita 16 hivi za upana. Chini yao wako wanne, kila mmoja na mita 12. Mpangilio huu ni mzuri kwa siku za kawaida, kama ugali, haukuangushi sana. Lakini washambuliaji wanne wakikimbia moja kwa moja kwenda juu, wewe una watu watatu kule, na mpira unashuka katikati ya wawili wanaotazamana kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Pembeni kabisa, karibu na mstari, nako pasi fupi hupita.

Kava 2 huacha wawili nyuma, kila mmoja na mita 24, na kuongeza watano chini. Pasi fupi zinabanwa kisawasawa. Wale wawili wa nyuma ni kama mabeki mkoba wa zamani waliopewa nusu uwanja kila mmoja, na mlango uko katikati yao. Upo na mwingine: pembeni, nyuma ya beki wa pembeni na mbele ya mkoba, kimfuko cha yadi kumi na tano hivi ambacho wachezaji wazuri wanakijua kwa kufumba macho. Kava 4 inageuza kila kitu. Wanne nyuma, mita 12 kila mmoja, hakuna kitu cha juu kitakachokuua. Chini wamebaki watatu, na mpinzani mwenye subira atakula yadi tano tano kutoka pembeni mpaka usinzie.

Kuna na mtu kwa mtu. Kava 1 ni hiyo, na mkoba mmoja nyuma iwapo bahati mbaya itatokea. Kava 0 haina hata huyo. Mtu kwa mtu ina tatizo ambalo halionekani kwenye mchoro: wapinzani wakipishana, mabeki wako wanagongana wao kwa wao kama bajaji mbili kwenye makutano ya Kabwe, na mtu anatokea upande wa pili peke yake. Tatizo jingine ni migongo. Beki anayemfuata mtu wake anampa mgongo kwotabeki, na kwotabeki mwenye miguu akiliona hilo anaondoka na mpira. Waliocheza Madden NFL 2004 wanamkumbuka Michael Vick wa Atlanta, aliyekuwa na mbio kuliko wengi wa waliotakiwa kumkamata. Kumkabia huyo mtu kwa mtu ilikuwa kujitafutia aibu.

Halafu kuna mseto, ambao kwenye kitabu cha gemu unaitwa mechi: beki anaanza kwa kulinda eneo, lakini mtu akipita eneo lake akienda juu, anaungana naye mpaka mwisho. Kava 4 ya namna hii ndiyo naitumia mno siku hizi dhidi ya wale wanaotuma watu wanne juu kila dauni. Ina masharti yake na wakati mwingine gemu yenyewe inajichanganya, kwa hiyo jifunze kwanza zile za kawaida.

Neno la pembeni kuhusu Nikeli na Daimu, maana yanatisha wageni bure. Nikeli ni sarafu ya Kimarekani ya senti 5, na mpangilio wa Nikeli una mabeki wa nyuma watano badala ya wanne wa kawaida. Daimu ni sarafu inayofuata kwa ukubwa wa thamani, na mabeki ni sita. Ni hayo tu. Mpinzani akileta wapokeaji, yaani watu wa kurushiwa pasi, watatu au wanne, leta Nikeli; akileta majitu ya kusukuma, rudisha wazito wako.

Swali la maana, basi, ni mlango upi uachwe, na kwa nani. Dauni ya tatu na yadi 12 zimebaki: acha mlango wa yadi tano. Aule. Akishakula yadi tano bado ana saba na dauni moja tu, na mara nyingi hapo anaupiga mpira mbali kwa teke na kutoka uwanjani. Dauni ya tatu na yadi mbili: hapo mlango wa chini ndio uhai wake, ufunge, acha wa juu, na utumaini wale wanne wa mbele watafika kabla hajautumia. Kwa maneno mengine, mlango ulio salama kuacha leo haukuwa salama dakika mbili zilizopita. Anayechagua Kava 3 mechi nzima kwa sababu "ndiyo nzuri" hajaelewa anacheza nini.

Nina ugomvi na video za mafunzo

Nimetazama video nyingi za Wamarekani wakifundisha gemu hii, na nyingi ni nzuri kwa Mmarekani. Wanakuambia: mtazame kwotabeki, akigeuza kichwa kulia, mkimbize mchezaji wako kulia, nasa mpira. Wanafanya kwenye kioo na inatokea. Mimi nilifanya vilevile Mbeya na mchezaji wangu akawa anafika pale mpira ulipokuwa, kama mtu anayewahi basi la Njombe linalomalizia kona.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, iko New York. Kutoka Mbeya hadi New York, kwa mstari ulionyooka juu ya dunia, ni kama kilomita 12,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda ni sekunde 0.06, kurudi nyingine kama hizo, jumla 0.12. Hiyo ni kama waya ungenyooka, na waya haunyooki. Data yangu inashuka kwanza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, ndipo iingie kwenye mikongo ya baharini kama SEACOM iliyoanza 2009 au EASSy ya 2010, izunguke bara na bahari. Kila mtambo njiani nao unakula kidogo. Kwa hiyo 0.12 ni kiwango cha chini kabisa ambacho hata ukinunua bando la bei gani hutakivuka. Anayekuuzia "intaneti ya gemu isiyochelewa" amekuingiza mkenge, mwanga wenyewe hauwezi.

Sasa mpokeaji mwenye kasi anakimbia kama mita 9 kwa sekunde. Ndani ya sekunde 0.12 ameshasogea zaidi ya mita moja. Ongeza muda ambao jicho na kidole cha binadamu huchukua, kama sekunde 0.2 ukiwa macho kabisa, na saa saba usiku huwi macho kabisa. Jumla anakuwa amekuacha mita tatu kabla mchezaji wako hajainua mguu. Mita tatu kwenye gemu hii ni mtu yuko peke yake.

Tuseme haki: kuchelewa kunamuumiza na mshambuliaji, kama na yeye yuko mbali. Mpira wake unatoka mkononi kwa kuchelewa kuliko alivyokusudia. Nikicheza na mtoto wa shangazi aliyeko Kihesa, Iringa, wote tunateseka sawa. Tumetenganishwa na barabara ya kilomita 300 na kitu, lakini mechi ikipitia seva ya ng'ambo mipira yetu inakwenda kulala ughaibuni kwanza. Shida ni unapokutana na mtu anayekaa jirani na seva. Yeye anaona ya sasa, wewe unaona ya jana.

Ndiyo maana nasema tukabe kama kona. Kila unachoweza kukiamua kabla mpira haujaanza, kiamue kabla. Uamuzi uliofanyika wakati watu wamesimama hauguswi na mtandao. Mtandao unagusa ule wa baadaye tu.

Kivitendo hilo linabadilisha mambo kadhaa. La kwanza ni mchezaji unayemshika mwenyewe. Wanaoanza humchukua mmoja wa wanne wa mbele, kwa sababu ndiyo raha, unakwenda kumrukia kwotabeki. Mwachie kompyuta kazi hiyo, inaifanya vizuri. Wewe chukua lainibeki wa kati, yule anayesimama nyuma ya wanne wa mbele, na umweke mwenyewe kwenye mlango ambao unajua mpinzani anaupenda. Msimamishe pale mapema. Pasi ikija, hukuhitaji kuiona, ulikuwa umeshafika. Nikiwa na mtandao mbovu kabisa ninamsimamisha halafu naondoa kidole kwenye stiki, na utashangaa ni mipira mingapi inamgonga kifuani.

La pili, usibadilishe mchezaji mpira ukiwa hewani. Hii imenigharimu kuliko kitu chochote. Unabonyeza kumchukua beki aliye karibu na mpira, amri inachelewa, stiki yako bado imelalia kushoto kwa sababu ulikuwa unamkimbiza mwingine, na yule beki aliyekuwa amesimama mahali sahihi anachomoka kushoto kwa nguvu zote kuukimbia mpira. Kompyuta ilikuwa inamudu. Ukamharibia.

La tatu, kugonga kwa nguvu. Gemu ina ile namna ya kumbamiza mtu mpaka kofia ing'oke, na ikitokea unapiga kelele mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Kwa kuchelewa kwetu unambamiza mtu aliyeshapita. Mkamate kawaida, muangushe, yadi mbili zaidi si msiba.

Blitzi, au kutuma watu sita saba mbele kwa mkupuo, nitaisema kwa ufupi kwa kuwa najua wengi wanaipenda. Wapokeaji halali wa pasi ni watano. Ukituma sita, umebaki na watano kwa watano, nyuma hakuna mtu. Dhidi ya mtu anayepaniki inafanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo hatari ilipo, maana utashinda mechi nne ukidhani umeujua mpira. Wa tano ataurusha mpira palepale alipotoka yule lainibeki uliyemtuma, ndani ya sekunde mbili, na utamtazama mtu anakimbia yadi 70 peke yake kama yuko mazoezini Loleza. Mimi naituma labda mara tatu kwa mechi, ili mpinzani ajue tu kwamba naweza.

Kalenga na Lugalo

Watu wa Iringa watanisamehe kwa kuwaingiza hapa. Kalenga, Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijenga ngome. Ilikuwa kubwa, inaonekana, kila mtu anajua ilipo, na Oktoba 1894 Wajerumani waliileta mizinga yao mbele yake na ikaanguka. Miaka mitatu kabla, Agosti 17, 1891, pale Lugalo, hapakuwa na ukuta. Kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa kinatembea kwenye njia iliyoonekana tupu, Wahehe wamejilaza vichakani, na Zelewski mwenyewe hakutoka pale hai.

Ukuta unaoonekana unampa mpinzani muda wa kufikiri. Kwenye gemu, kabla ya kila shambulizi anaweza kutazama mabeki wako wa nyuma wamekaaje. Wawili juu, anajua ni Kava 2 au 4. Mmoja katikati, anajua ni Kava 3 au 1. Mchezaji mzuri anasoma hilo kwa nukta moja na anabadilisha shambulizi palepale. Basi mdanganye. Gemu inakuruhusu kuchagua Kava 3 halafu uwapange kwa sura ya Kava 2. Mpira ukianza, mkoba mmoja anateremka na mwingine anahamia katikati. Inakuruhusu kuwasogeza mabeki wa pembeni puani mwa wapokeaji kana kwamba ni mtu kwa mtu, kumbe ni eneo. Vitufe vinahama toleo hadi toleo, kwa hiyo sitavitaja; fungua menyu ya mazoezi uvitafute kwa toleo lako, jioni moja inatosha. Ila gharama ipo. Yule mkoba aliyejificha mbali ana safari ndefu ya kufika anapotakiwa, na akichelewa mlango unakuwa wazi mara mbili. Usifiche kila mara. Ficha dauni ya tatu.

Unaweza pia kuwaambia mabeki wakae kwa juu, wasipitwe, au wakae kwa chini, wadandie pasi fupi. Na kwenye matoleo ya karibuni unaweza kupanga wa pembeni waanze kulinda kutoka yadi ngapi. Huu ndio mpangilio ambao wengi hawaugusi, na ndio uliopunguza mabao ninayofungwa kuliko mingine yote. Mpinzani anayependa yadi tano za pembeni, shusha ulinzi hadi yadi tano. Anayependa kile kimfuko cha Kava 2, upandishe. Anapogundua, robo moja ya mechi imekwenda.

Upande wa mbio nitapita haraka. Mkimbiaji anatafuta upenyo kati ya wanne wako wa mbele. Akipenda kupita katikati wabane, akipenda pembeni watandaze. Kwa kwotabeki mwenye miguu, waamuru wale wawili wa mwisho kushoto na kulia wasimkimbilie, wakae wamzibie njia za pembeni, ateseke mle ndani. Kuna kitufe cha kubashiri kama ni mbio au pasi. Ukipatia, watu wako wanawahi, ukikosea wanabaki wameduwaa. Nimeacha kukitumia isipokuwa dauni ya tatu na yadi moja.

Na karibu na eneo la kufungia, mambo yanageuka kuwa mepesi kwa njia isiyotarajiwa. Mpinzani akiwa yadi 8 kutoka mstarini, uwanja uliobaki kwa kina ni yadi 18 tu, pamoja na zile 10 za mwisho. Hakuna tena pa kwenda juu. Mstari wa nyuma unakukabia bure, hauchoki na hauna mtandao. Wale watatu au wanne uliokuwa unawaweka kule nyuma sasa wanarudi katikati ya watu, na milango tisa imekuwa saba. Ndiyo maana simuogopi anayekula yadi nne nne kutoka mbali. Atahitaji kutokosea mara kumi na tano mfululizo, na akifika huku nyumba imekuwa ndogo. Mara nyingi anaishia kupiga teke la pointi 3. Na watu wa mtandaoni hawana subira. Shambulizi la saba au la nane wanaanza kurusha mpira juu kwa hasira.

Jumamosi moja, bando la usiku limeshaingia, niko chumbani Soweto ya hapa Mbeya na sweta mbili kwa ile baridi ya Juni, naongoza 17 kwa 14 dhidi ya mtoto wa shangazi. Imebaki dakika moja na ushee. Ana mpira kwenye yadi 41 za upande wangu. Dauni ya tatu, yadi 8. "Kamwene kaka," ananisalimia kwenye maiki, jambo analolifanya akiwa na mpango.

Anapanga wapokeaji watatu kulia, wamekusanyika kama wanaonong'onezana. Usiku kucha dauni ya tatu akipanga hivyo, mmoja wao anakata kwenda kushoto nyuma ya mabeki wangu wa kati, yadi kumi hivi. Nimechagua Kava 3 kwenye Nikeli, nimeipa sura ya Kava 2. Lainibeki wangu nimemsimamisha mbele kabisa, kana kwamba namtuma. Ninachokiacha ni mwanya wa juu upande wa kulia, kati ya mkoba na beki wa pembeni. Nauacha nikijua. Kufika kule mtu anahitaji kama sekunde tatu, na upande wake wa kushoto wa mbele umekuwa ukivuja tangu robo ya tatu. Sidhani anazo sekunde tatu.

Mpira unaanza. Namrudisha lainibeki hatua nne, namsimamisha, naacha stiki. Kule juu kulia naona kwa kona ya jicho mtu wake yuko peke yake, mikono imeinuka. Hamtazami. Anarusha kwa yule anayekata, kama kawaida yake, na mpira unamgonga lainibeki wangu mikononi na kudondoka chini. Nilitakiwa kuunasa. Nilibonyeza, nadhani amri yangu ilikuwa bado iko baharini.

Dauni ya nne. Milingoti iko mbali mno kwa mpigaji wake, lazima arushe. Nikajiambia sasa atabadilisha, mtu yeyote angebadilisha. Nikaweka mkono kwenye kitufe cha kuchagua Kava 4, nikauondoa. Akapanga watatu kulia.

Nina daftari la shule, lile la kurasa 64, ninaloandika tabia za watu ninaokutana nao mara kwa mara. Ukurasa wake una mstari mmoja: "Dauni ya 3, watatu kulia, anakata kushoto." Usiku ule, baada ya lainibeki kuudaka safari hii kwa mikono miwili, niliongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: "Dauni ya 4, hivyo hivyo." Akisoma haya itabidi nitafute ukurasa mwingine.